Fundi Wetu wa Pointi

Ukimwendea Fundi na gari lililozimika, kosa la kwanza lilikuwa kumwambia kwamba gari limezimika. Hilo alikwisha kulijua tangu ulipokuwa ukilisukuma barabarani. Kwanza alitaka shikamoo yake. Kisha alitaka habari za nyumbani, za mama, za majirani wa pande zote mbili, na kama mvua imefika Mkongani, alikokuwa na shamba na mwana wa kiume. Siku moja mtu wa hoteli kutoka Diani alishuka garini akasema moja kwa moja kwamba injini inakohoa. Fundi akamtazama kwa huruma, akamwuliza yeye mwenyewe kaamkaje. Yule bwana akajibu kaamka salama, ila injini inakohoa. Fundi akamwuliza mamaye kaamkaje. Waliendelea hivyo mpaka yule bwana akakumbuka kwamba ana shangazi, na shangazi ana mguu unaomsumbua, na ndipo boneti ikafunguliwa.

Nilimjua Fundi kwa sababu nilimrithi. Baba alipofariki aliniachia steshenwagoni ya kizamani, rangi ya maziwa, na pamoja nayo akaniachia fundi wake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Msambweni, na nilipolipeleka gari mara ya kwanza peke yangu, Fundi aliniuliza ni la nani. Nikasema ni langu. Akasema hapana, ni la marehemu. Kwa miaka mitatu aliliita gari la marehemu na mimi akaniita dereva. Mwaka wa nne akaniita Mwalimu, nikajua nimepandishwa cheo.

Kwa asiyejua, na siku hizi wasiojua ndio wengi, magari ya zamani yalikuwa na pointi. Ni vyuma viwili vidogo, vya ukubwa wa kichwa cha msumari, vinavyokaa ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, na kukutana na kuachana injini inapozunguka. Kila vikiachana, cheche inaruka kwenye plagi na petroli inawaka. Nafasi iliyo kati yavyo ikizidi au ikipungua, gari linapoteza nguvu, linapiga baruti nyuma, au linakataa kuwaka mbele ya watu unaowaheshimu. Na nafasi hiyo haitulii. Vyuma vinaliwa, na kila baada ya miezi miwili mitatu lazima mtu aipime upya. Kuanzia hapa kwetu hadi karibu na mpaka, mtu huyo alikuwa Fundi. Banda lake la mabati lilikuwa kando ya barabara kuu, upande wa baharini, na hapakuwa na mwenye gari la zamani aliyepita pale bila kupunguza mwendo na kuinua mkono.

Mafundi wengine hupima pointi kwa kipimo cha chuma. Fundi alipima kwa kadi ya harusi. Alikata ukanda mwembamba kwa mkasi, akaupitisha katikati ya vile vyuma, na kama ulipita kwa kusitasita, kazi ilikuwa imekwisha. Kadi alizihifadhi katika mkebe wa maziwa ya unga, na kwa sababu hiyo hakukosa harusi hata moja kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga. Watu walimsifu kwa kujali ujamaa. Alikuwa akifuata vipimo. Familia alizijua kwa unene wa kadi zao, na ukimsikia akisema kwamba watu fulani ni watu wazito, hakuwa na maana ya mali wala elimu. Simu zilipoingia na watu wakaanza kualikana kwa picha, alichukia kweli. Alisema ndoa ya simu haiwezi kupima kitu.

Kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu aliyeliamini jambo hili la kadi kupita kiasi. Gari lake lilikuwa limepimwa kwa kadi ya binti wa jirani, na binti huyo alipoachika, mwalimu mkuu alisikia injini inanguruma vibaya siku hiyo hiyo. Akaja asubuhi na mapema, akataka lipimwe upya kwa kadi ya watu waliokaa pamoja. Fundi hakucheka. Alifungua mkebe, akatafuta kadi ya wazee wawili wa Gazi waliokuwa na wajukuu, akapima, na mwalimu mkuu akaondoka akisema sasa ndiyo linasikika kama gari. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa nafasi ileile, haikusogea hata unywele.

Kuhusu muda, Fundi alikuwa na nusu saa yake mwenyewe. Kila kazi ilikuwa ya nusu saa. Katika nusu saa moja ya Fundi niliwahi kusahihisha insha za darasa zima, nikaenda kula wali kwa rafiki yangu, nikarudi, nikakuta bado anatafuta bisibisi. Na mtu huyohuyo aliwahi kukataa kumshughulikia mfanyabiashara mmoja kwa sababu alisema atakuja saa kumi akaja saa kumi na moja. Alimwambia kwamba uongo umeanza na saa, na haujulikani utaishia wapi. Mfanyabiashara akaangalia huku na huku kutafuta mtu wa kucheka naye, asimpate. Sote tulikuwa tunangoja nusu saa zetu.

Lakini alikuwa fundi. Hilo niliseme wazi, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri tulikuwa tunambembeleza mzee asiyejua kazi. Mzungu mmoja mstaafu aliyehamia Diani alikuwa na gari la kale lisilo na paa, alilolipenda kuliko watu. Akaletwa kwa Fundi. Fundi akapima pointi kwa kadi yake, akafunga. Mzungu akatoa mfukoni kipimo cha chuma, akainama, akapima tena, kisha akapiga makofi. Ilikuwa sawasawa kabisa, hakuna kuzidi wala kupungua. Fundi akashusha boneti taratibu, akanigeukia, akaniambia nimweleze kwa Kiingereza asirudi tena hapa. Alisema mtu akikupima baada ya kazi amekwisha kukuita mwongo. Nikamwambia mzungu kwamba Fundi anashukuru sana, na kwamba gari lake sasa ni zima kiasi kwamba halina haja ya kurudi. Mzungu akafurahi mno, akarudi wiki iliyofuata na keki.

Na hakuna kitu alichokidharau kama ule mfumo wa elektroniki unaochukua mahali pa pointi. Vijana wa Ukunda walikuwa wakiufunga katika magari ya zamani: unatoa pointi, unatia kidude cheusi kilichozibwa pande zote na pete ya sumaku, unaunga nyaya mbili, basi, hakuna kupima tena maisha yako yote. Fundi alikiita hirizi. Alisema watu wazima wamefunga hirizi kwenye injini na hawaoni haya. Nilipomwuliza kosa lake ni nini, alinijibu kama anayemfundisha mtoto wa darasa la kwanza: kitu kisichofunguliwa hakitengenezwi, kinaaminiwa tu, na yeye kuamini alikuwa anamwamini Mwenyezi Mungu na ilikuwa inamtosha.

Sasa nifike kwenye macho.

Sijui yalianza kufifia lini. Ninakumbuka siku moja alimimina chai ikaenda kando ya kikombe, akaendelea kuzungumza kana kwamba ndivyo chai inavyomiminwa. Ninakumbuka alinisalimu kwa jina la mke wa muuza nazi, nami nikaitikia, nikajibu na habari za nazi. Kufungua na kufunga alifanya kwa vidole, upesi kama zamani. Lakini pointi hazipimwi kwa vidole peke yake. Lazima uzungushe injini kidogo kidogo, uone vile vyuma vimefunguka hadi mwisho, ndipo upitishe kadi. Ukipima kabla havijafunguka vizuri, kadi itapita kwa kusitasita kama inavyotakiwa, nawe utaamini kazi ni nzuri, na gari litakufia njiani.

Gari langu likaanza kunifia njiani. Nililipeleka kwa Fundi, likarudi na hali mbaya zaidi, na siku hiyo nikaenda kwa fundi mmoja wa Ukunda, mtu wa bara, mwenye heshima zake na ulimi wake. Nilikuta magari mawili yamenitangulia. La kwanza lilikuwa la naibu imamu wa msikiti wetu. La pili lilikuwa pikapu ya muuza nazi, bwana mwenyewe akiwa amekaa juu ya tairi. Tukasalimiana kwa urefu usio wa kawaida.

Fundi wa Ukunda alifungua distribyuta yangu, akatikisa kichwa. "Madam, hizi gari zenu za Msambweni zote ziko na shida moja," akasema. "Points zimewekwa vibaya. Kwani ni nani huwa anawaharibia?"

Naibu imamu akaanza kutafuta tasbihi mfukoni, na ilikuwa mkononi mwake. Muuza nazi akasema ni chumvi ya bahari. Nami, ninayewachapa watoto kwa maneno makali wanaponiambia daftari limeliwa na mbuzi, nikasema kweli, ni chumvi, chumvi ya kwetu ni kali. Fundi wa Ukunda akauliza ni chumvi ya aina gani inayokaza skrubu.

Hatukuzungumza, hatukupanga, lakini tangu siku ile ikawa desturi. Gari likisumbua, unalipeleka kwa Fundi Jumamosi asubuhi. Unatoa salamu zako zote, unangoja nusu saa, unashukuru, unaondoka likikohoa, unakwenda moja kwa moja Ukunda kufanyiwa kazi ileile upya. Tukikutana kule tulisalimiana na kuulizana habari za watoto. Mtu asingemwuliza mwenziwe amefuata nini. Kwa hesabu ya mgeni yeyote tulikuwa wajinga, na mimi nilikuwa mjinga mwenye cheti.

Ila mgeni hakumjua yule mwana wa Mkongani. Alikuwa mtu mzuri, mcha Mungu, na alikuwa na haraka ya kumstarehesha baba yake. Kila sikukuu alikuja kumwomba afunge banda ahamie shamba, na kila sikukuu Fundi alimjibu kwamba ana kazi za watu. Mwana alituambia wazi, tukiwa tumekaa kwenye hitima ya jirani, kwamba anangoja sababu moja tu. Siku mtu mmoja atakapolalamika kwamba mzee haoni, siku hiyo hiyo atakuja na gari la kuhamia. Fundi aliniambia mara moja Mkongani ni nini kwake: ni mahali pa kukaa kwenye kiti cha plastiki ukingoja kuambiwa chakula tayari. Kwa hiyo hatukulalamika. Tulikwenda Ukunda.

Mambo yakaharibika siku ya mazishi. Gari la naibu imamu lilikuwa limeazimwa na wafiwa kubeba jeneza, na lilikuwa limetoka kwa Fundi siku iliyotangulia bila kupata nafasi ya kupitia Ukunda. Likazima kwenye kilima kidogo kabla ya makaburi. Wanaume wa kanzu wakalisukuma. Lilipiga baruti mara mbili, na ndugu wa marehemu akauliza kwa sauti ni fundi gani anayelishughulikia gari hili. Naibu imamu, ambaye Ijumaa iliyotangulia alituhutubia juu ya ukweli, akasema ni chumvi. Lakini mimi, niliyesimama kando ya barabara na wanawake wenzangu, niliwaona watu wakitazamana. Nikaogopa. Nilijua baada ya jeneza jingine moja mtu atalisema lile neno.

Wiki hiyo nikanunua ile hirizi. Fundi wa Ukunda alitaka kuifunga palepale, akasema nitasahau mambo ya pointi. Nikakataa. Fundi angefungua kifuniko cha distribyuta, na hata kama haoni, vidole vyake vingejua katika sekunde moja kwamba nimekwenda kwa mwingine. Nikaiweka kabatini chini ya madaftari, ikakaa mihula miwili. Kila nikitoa daftari niliiona, na kila nikiiona nilijiona mwoga.

Mwishowe nikaamua kumwambia. Nilichagua Jumamosi ambayo banda lilikuwa tupu, nikafunga kile kisanduku ndani ya leso, nikatoa salamu zote mpaka zikaisha, kisha nikasema, "Fundi, nimenunua ile hirizi."

Nilitazama mikono yake badala ya uso. Akauliza, "Ni ya nyaya mbili au tatu?"

Nikasema ni mbili. Nilishangaa kwamba ameuliza swali la mtu anayejua. Akainuka, akaenda akigusa ukuta wa mabati hadi nyuma ya banda, ilipokuwa pikapu yake mwenyewe, ile ambayo sisi sote tuliitaja tulipotaka kusifu pointi, kwa kuwa ilikuwa ikiwaka kwa mguso mmoja. Akaniambia nifungue boneti, kisha nifungue kifuniko cha distribyuta. Nikafungua. Ndani hapakuwa na pointi. Palikuwa na kidude cheusi kilichozibwa pande zote, na pete ya sumaku.

"Umeona?"

"Nimeona, Fundi."

"Nilikwenda Taru kuwekewa," akasema. "Mwaka juzi, barabara nilikuwa nikiiona bado. Nilichagua Taru kwa kuwa hakuna anijuaye. Nikamwambia yule fundi mimi ni mfuga mbuzi. Akafungua, akatazama, akaniuliza, mzee, ni nani aliyekupangia hizi pointi vibaya namna hii? Nikamwambia kuna fundi mmoja mzee huko Msambweni. Haoni."

Akapapasa ukingo wa boneti mpaka akaupata, akaushika.

"Ndiyo mara ya kwanza kulisema. Nililisema Taru, kwa mtu nisiyemjua. Daktari aliniambia kilichopotea hakirudi, na hata yeye sikumjibu."

Nilitaka kulia, nikaona haya, maana yeye hakuwa akilia. Kwa hiyo nikafanya nilichozoea, nikaanza kusema uongo. Nikamwambia kwamba sisi hatukujua, kwamba kazi yake haijabadilika, kwamba hewa ya hapa kwetu ina chumvi nyingi. Akainua mkono.

"Mwalimu, usiseme uongo asubuhi. Gari linalokwenda kwenu likitoka hapa linapinda kushoto, halina haja ya kusimama. Linalokwenda Ukunda linapinda kulia, lazima lisimame kwanza barabara ifunguke. Nyote mnasimama. Naibu imamu husimama mpaka ninamhurumia."

Nilikumbuka kila Jumamosi niliyoondoka pale nikimpungia mkono kwa furaha, kisha nikasimama kwenye ukingo wa lami nikingoja malori yapite.

"Nikasema moyoni, hawa wananisitiri," akaendelea. "Basi na mimi nikawasitiri nyinyi. Ningewaambia najua, mngeona haya kuja."

Tukarudi kwenye benchi. Akanitaka nifungue kisanduku, akakigeuza kile kidude mikononi muda mrefu, akapima matundu ya skrubu kwa kucha. Akasema hirizi ina jambo moja zuri, haipimwi. Skrubu mbili, pete moja, nyaya mbili, vidole vinatosha. Tatizo lake ni rangi. Waya mwekundu ukienda mahali pa mweusi, kidude kinaungua, na yeye rangi zilikwisha kumkimbia. Nikafikiri kidogo, nikachukua waya mwekundu nikautia fundo. Akaugusa, akaugusa ule mwingine, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Kisha akahesabu kwa vidole magari ya pointi yaliyobaki mikononi mwake. Yalikuwa kumi na moja. Akasema atayageuza yote, moja kila Jumamosi mbili, kwa mkono wake. Hakuna atakayekwenda kwa mtu mwingine kwa kazi hiyo, na hakuna atakayepata sababu ya kulalamika. Yakisha, atampigia mwanawe simu.

"Mwanangu anataka kunichukua," akasema. "Sitaki kuchukuliwa. Nataka kumaliza kazi za watu, nifunge banda, nimwambie mimi mwenyewe, njoo."

Nikamwambia kisanduku kipo, gari lipo, tuanze na langu sasa hivi. Akakifunga ndani ya leso yangu, akanirudishia.

"Lako ni la kumi na moja."

Nikapeleka habari. Kwa kila mwenye gari nilisema kwamba Fundi amebadili mawazo kuhusu elektroniki, anunue kifaa chake, na waya mwekundu uje umetiwa fundo. Hakuna aliyeniuliza fundo ni la nini. Muuza nazi alisema bila shaka ndiyo mtindo wa kisasa. Mwalimu mkuu mstaafu alitaka kujua kama kuna kisomo maalumu cha kufungia. Naibu imamu, kwa kutaka kuwa na uhakika, alikuja nyaya zote mbili zina mafundo, akarudishwa nyumbani.

Ilikuwa miezi mizuri. Nilihudhuria kazi karibu zote, nikijifanya nimepita tu. Fundi aliinama juu ya injini ya kila mtu, akatoa pointi alizozipanga kwa miaka mingi, akazipangusa kwa kitambaa kabla ya kuzitupa. Hakuunguza hata kidude kimoja. Magari yakaanza kuwaka kwa mguso mmoja, na yalipotoka bandani yakapinda kushoto, moja baada ya jingine, bila kusimama. Naye alikaa kwenye benchi akiyasikiliza mpaka sauti ikaisha. Fundi wa Ukunda alinipigia simu kuniuliza watu wa Msambweni mko wapi, kwani mmekufa?

Kufikia Jumamosi iliyopita gari la kumi lilikuwa limekwisha kuondoka. Siku hiyo nilifika mapema na kisanduku changu, waya mwekundu umetiwa fundo tangu mwaka jana. Fundi alikuwa amefagia banda. Vifaa vyake vilikuwa vimepangwa ndani ya sanduku la mbao, na sanduku lilikuwa limefungwa kamba.

Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani. Akamwulizia mama, majirani wa kushoto, majirani wa kulia. Akaniulizia walimu wenzangu mmoja mmoja, pamoja na yule aliyehamishwa zamani. Akaniulizia watoto wa darasa langu kama wanasoma, na paa la shule kama bado linavuja. Akamwulizia baba yangu, kaburi lake kama limepaliliwa. Nilijibu yote. Nilijua anachofanya na sikutaka kumharakisha, na kweli mimi mwenyewe nilitafuta ndugu wa kuongeza.

Habari zilipokwisha kabisa nikamkabidhi kisanduku. Akakifungua, akapapasa waya, akalipata fundo, akalishika katikati ya vidole viwili. Kisha akakifunga akanirudishia, akasema hewa leo ina unyevu, kazi hii haitaki unyevu, tuiache Jumamosi ijayo, inshallah. Kwa leo atanipimia pointi tu.

Nje jua lilikuwa kali, ardhi imekauka mpaka inapasuka. Nikasema, "Inshallah, Fundi."

Akafungua kamba ya sanduku. Akapima kwa nusu saa yake, akapima vibaya kama kawaida, akafuta mikono, akanitakia safari njema. Nikaliwasha gari la marehemu likapiga baruti, nikalitoa polepole hadi ukingo wa lami. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Nikasimama, nikijua ananisikiliza. Kisha nikapinda kulia kwenda Ukunda, na safari hii nikapiga honi.